Mulago na Jaribio la Danieli

Vijana wanne wa Kitabu cha Danieli walikula vyakula vya mimea kwa siku 10, wakanawiri kuliko waliolishwa chakula cha mfalme. Je, yawezekana? Mulago yatoa sehemu ya jibu. Hugh Trowell, tabibu wa hospitali hiyo aliyekuja kuwa kasisi, alichapisha mwaka 1954, pamoja na Davies na Dean, kitabu kuhusu unyafuzi: watoto waliokosa protini walivimba, na uvimbe huo, kwa bahati mbaya, uliweza kudhaniwa unono. Hata hivyo, neno la Kiebrania katika kisa hicho lahusu mazao ya mbegu, ambayo yaweza kujumuisha kunde. Tena siku 10 ni chache mno kwa unyafuzi kuzuka. Kitabibu kisa chakubalika. Kwamba kilitukia Babeli ni dai jingine, lisilothibitishwa wodini: wataalamu wengi hukiweka kitabu chenyewe karne ya 2 K.K., miaka 400 hivi baada ya Nebukadreza.