Amebix: walimu wasio na darasa

Leo tuipumzishe kidogo Bongo Fleva, niwape stori ya bendi moja ya Waingereza inaitwa Amebix. Najua wengi mtauliza ndo kina nani hao. Poa tu, hata kwao wengi hawawajui. Ila ukitaka kuongelea muziki wa krasti huwezi kuwaruka.

Krasti ni mtoto wa panki. Huku kwetu panki ni mtindo wa kunyoa, lakini kule nywele zilikuja na muziki wake: gitaa la kelele, nyimbo fupi, na vijana wenye hasira na serikali. Krasti yenyewe maana yake ni ukoko, kama ule wa wali chini ya sufuria. Jina linaendana na nguo zao zilizoganda uchafu, na lilishika baada ya bendi ya Hellbastard kutoa kaseti yao ya Ripper Crust mwaka 1986. Amebix walikuwa wanaupiga huo muziki kabla haujapewa jina.

Walianza mwaka 1978 huko Devon, ndugu wawili, Rob na Stig Miller. Rob besi na kuimba, Stig gitaa. Mwaka 1980 bendi kubwa ya panki, Crass, ikauweka wimbo wao mmoja kwenye Bullshit Detector, santuri iliyokusanya kazi za bendi changa. Baadaye wakahamia mji wa Bristol, na huko maisha yaliwapiga kweli. Mwaka 1982, enzi za Margaret Thatcher, wasio na kazi Uingereza walikuwa zaidi ya milioni 3. Jamaa walikuwa wanaishi kwenye majumba matupu waliyoyavamia, kodi halipi mtu.

Sasa, miaka ile watu wa panki na watu wa hevi metali walikuwa hawaivi chungu kimoja. Amebix wakachukua uzito wa Black Sabbath na Motörhead, wakaongeza giza la Killing Joke, halafu wakatia hasira ya panki. Ndo ikazaliwa albamu ya Arise! mwaka 1985, chini ya Alternative Tentacles, lebo ya Jello Biafra wa Dead Kennedys. Mwaka 1987 wakatoa Monolith, na mwaka huohuo bendi ikafa. Rob akaishia kisiwa cha Skye kule Scotland, akawa mhunzi anayefua panga za kivita za kizamani.

Hapa ndo panaponigusa mimi mwanafunzi wa ualimu. Tunafundishwa kupima somo kwa mtihani: muhula ukiisha, unasahihisha, unajua nani kaelewa. Ukiwapima Amebix hivyo mwaka 1987, ni sifuri. Hela hakuna, jina hakuna, bendi yenyewe hakuna.

Lakini santuri zilikuwa zimeshavuka bahari. New York, mtaa wa Lower East Side, vijana wengine waliokuwa wanaishi kwenye majumba ya kuvamia walikuwa na bendi yao, Nausea, na ukiwasikiliza unamsikia mwalimu. Oakland, California, kulikuwa na Neurosis, nao wakauchukua ule uzito wakaupeleka mbali zaidi.

Basi mwaka 2008 wale ndugu wawili wakaamua kurudi. Wanahitaji mpiga ngoma. Aliyekalia kiti ni Roy Mayorga, yuleyule aliyekuwa anapiga ngoma Nausea! Aliyejifunza kwenye santuri zao akaja kukaa nyuma yao, na mwaka 2011 wakatoa pamoja Sonic Mass. Mwaka 2012 wakafunga tena, ila safari hii walikuwa wanajua wameacha nini.

Kwa hiyo wale mnaotucheka kwamba ualimu haulipi, sawa, haulipi. Ila majibu ya mtihani mwingine yanachukua miaka 20 kutoka, na yanatokea nchi ambayo hukuwahi hata kufundisha.

Haya wadau, niwahi lekcha. Tutafutieni Arise! muisikilize kwa sauti kubwa, jirani avumilie.