Nyuma ya Riwaya ya Kilwa

Misafara iliyotoka Ziwa Nyasa ilikuwa ikimalizia Kilwa Kivinje, na hapo ndipo naanzia njia hii ya vitabu. Boma la Wajerumani, au kilichobaki, bado linatazama bahari. Pembeni ya mji upo Mwembe Kinyonga, walikonyongwa waliompinga Mdachi. Mmoja wao, Hassan bin Omari Makunganya, alinyongwa Kivinje mwaka 1895.

M. G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam kisha akahamia Kanada, aliutia mji huu katika riwaya ya Kiingereza, The Magic of Saida, mwaka 2012. Daktari Kamal Punja anarejea kutoka Edmonton kumtafuta Saida, mjukuu wa mshairi Mzee Omari. Msomi wa nadharia atachomoa upesi The Empire Writes Back, kitabu cha mwaka 1989 cha Ashcroft, Griffiths na Tiffin, kinachoisoma fasihi ya makoloni kama majibu kwa Mwingereza. Kina hoja, sikatai. Ila Kivinje ugomvi wa zamani ni wa Mdachi, na kinachomwelemea Mzee Omari kimo humu humu mjini: mshairi alisimama upande gani?

Tena vita vya Maji Maji, watu wa kusini walivyompiga Mdachi, vilikuwa vimeshatungiwa shairi. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi ana Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliochapwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Mhakiki asiyepita kwenye utenzi huo atadhani Kilwa ilianza kuandikwa Vassanji alipoiandika.

Njia inapanda Umatumbi. Nandete, Julai 1905, watu waling'oa pamba ya Mjerumani, na vita hivyo vikaanza. Mwezi uliofuata Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, akanyongwa Mohoro. Ebrahim Hussein, mtoto wa pwani hii ya kusini, alimpandisha jukwaani katika Kinjeketile, mwaka 1969, kisha akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Darasani tamthilia hiyo husomwa kama mapambano ya mtawala na mtawaliwa. Mimi huvutiwa zaidi na mwisho wake. Kinjeketile ameshatiwa shaka na maji yake mwenyewe, watu wamekufa kwa kuyaamini, na bado anapotakiwa atamke kuwa yalikuwa uongo, anakataa. Akikubali, Mdachi atawaambia watoto kwamba baba zao walipigania uongo.