Picha za nebula: rangi za Hubble na mfuko wa mtu wa Isiolo

Leo tuweke programu kando kidogo (tutazirudia, hazikwepeki) tuangalie juu. Hapa Isiolo nimeulizwa zaidi ya mara moja: mtu akiwa na akiba ya shilingi laki moja na anataka kupiga picha za nebula na galaksi, anunue nini? Swali zuri, lakini ndani yake kuna lingine ambalo watu hulipita: anataka picha ya namna gani? Ukiifuata historia ya uraibu huu utaona bei ya vifaa na ladha ya macho vimevutana kwa zaidi ya miaka 140, na sisi wa huku tumeukuta mvutano huo njiani tukabeba ladha ya watu wengine.

Picha ya kwanza ya nebula ilipigwa New York tarehe 30 Septemba 1880. Henry Draper, daktari, aliielekeza darubini ya inchi 11 kwenye Nebula ya Orion akapokea mwanga wake kwa dakika 51. Mwaka 1883 Andrew Common, mhandisi wa mambo ya maji na usafi huko Ealing, London, akampita kwa kioo cha inchi 36, na picha yake ikaonyesha nyota ambazo jicho halikuwa limeziona. Desemba 1888 Isaac Roberts, mjenzi wa Liverpool, akaipiga Andromeda kwa kioo cha inchi 20 na umbo lake la mzunguko likaonekana. Angalieni kazi zao: hakuna hata mmoja aliyeajiriwa kutazama nyota. Walikuwa wapenzi tu kama sisi, ila wenye pesa. Gharama wakati huo ilikuwa kioo, na mtambo wa kuizungusha darubini ifuate nyota bila kutikisika.

Kuhusu rangi hakuna aliyebishana, maana haikuwepo. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe. Ni mwishoni mwa miaka ya 1970 ndipo David Malin, huko Australia, alipoanza kuunganisha picha tatu zilizopigwa kupitia nyekundu, kijani na bluu, na watu wakazoea kwamba nebula ni ya waridi. Kwa jicho sivyo. Tangu 2014 Susan Murabana na Chu Owen wa The Travelling Telescope wamekuwa wakizunguka shule za Kenya na darubini ya inchi 12. Ukichungulia darubini ya ukubwa huo utaiona Nebula ya Orion ya kijivu, pengine na ukijani kidogo. Jicho letu gizani ni bovu kwa rangi, hasa nyekundu.

Wapenzi wa filamu nao walikuwa na visa vyao. Filamu ya Technical Pan ya Kodak waliioka kwanza ndani ya gesi yenye hidrojeni ili iweze kushika mwanga hafifu! Halafu ikaja chipu ya CCD, iliyobuniwa Bell Labs mwaka 1969. Mwaka 1994 kampuni ya SBIG ilitoa kamera ya ST-7 yenye pikseli 765 kwa 510, yaani hazifiki laki 4. Simu yoyote mfukoni mwako ina zaidi ya hapo, lakini watu walijinyima kuipata.

Sasa tufike kwenye picha iliyobadilisha kila kitu. Tarehe 1 Aprili 1995 Jeff Hester na Paul Scowen walitumia Hubble kupiga nguzo za gesi katika Nebula ya Tai. Mwanga wa salfa waliupa nyekundu, hidrojeni kijani, oksijeni bluu. Si kwamba gesi hizo zina rangi hizo. Salfa (nanomita 672) na hidrojeni (nanomita 656) zote ni nyekundu, na ukiziacha hivyo huwezi kuzitenganisha. Rangi zile zilikuwa lugha ya kazi, kama vile sisi tunavyopaka rangi maneno ya msimbo ili tusome haraka. Hakuna anayedhani neno «return» ni zambarau kwa asili.

Lakini dunia iliipenda, na wapenzi wakataka bluu na dhahabu ileile. Kuipata wanahitaji kamera isiyo na rangi pamoja na filta tatu nyembamba, na filta bora za aina hiyo zikiwa tatu huweza kuzidi bei ya kamera yenyewe. Kwa mtu wa London au Houston ina mantiki kabisa: filta hiyo hupitisha mwanga wa gesi na kufungia nje taa za barabarani. Kwake ni dawa. Sisi tunainunua tukiwa wazima.

Fanyeni hesabu. Anga la katikati ya jiji kubwa huweza kung'aa mara 20 au 30 kuliko anga la giza. Kwa kitu hafifu, muda unaohitajika kupata picha ya ubora uleule bila filta huongezeka karibu kwa kiwango hicho. Saa moja nje ya mji hapa, ukielekea Archers Post, inashindana na usiku kadhaa wa mtu wa mjini. Tena kuna vitu ambavyo filta zile hazisaidii: galaksi, mavumbi ya Njia Nyeupe, ukungu wa bluu unaozunguka Kilimia. Hivyo ni mwanga wa nyota, umesambaa katika rangi zote, ukiuchuja unautupa. Jioni moja ya Desemba utapata Andromeda kaskazini na Wingu Kubwa la Magellan kusini. Mzungu wa London hilo la pili haliwezi kumchomozea kamwe.

Na anga hili lina wenyewe wa zamani. Asmarom Legesse aliandika mwaka 1973 jinsi wataalamu wa Borana wanavyohesabu miezi kwa kulinganisha mwezi na nyota kadhaa, Kilimia ikiwemo, na katikati ya Orion pia, palepale Draper alipolenga. Gharama ya vifaa: sifuri.

Turudi kwenye laki moja. Mwaka 2003 Canon 300D ilishusha kamera ya kidijitali ya kubadilisha lenzi chini ya dola 1,000, na miaka michache baadaye DeepSkyStacker ikaja bure. Kurundika picha 100 hupunguza chengachenga mara 10, kwa hiyo algorithimu ilichukua kazi iliyokuwa ya kioo. Mwaka 2023 Seestar S50 ikaja kwa takriban dola 500, darubini, kamera na mota pamoja. Ukikadiria shilingi 130 kwa dola ni elfu 65, na VAT ya asilimia 16 peke yake inaifikisha 75,400.

Tatizo letu ni ikweta. Stendi nyingi za kufuata nyota hulengwa kwa Nyota ya Kaskazini, ambayo hapa imelala kwenye upeo, na nyingi hazishuki chini ya nyuzi 10 au 15. Stendi ya kupanda na kuzunguka kama ya Seestar inaepuka hilo, ingawa picha hujizungusha. Vitu vinavyochomoza mashariki kabisa, Orion mmojawapo, huathirika kidogo vikiwa bado upande huo.

Mimi ningechukua hiyo, na ningeitumia mapema kabla mulika mwizi hazijafika kila kona ya barabara ya Moyale. Katikati ya Januari Orion huwa juu kabisa saa nne usiku na mvua za vuli zimekwisha. Chagueni usiku usio na mwezi, mwanzie Kilimia, na ile filta ya taa za jiji iliyomo ndani ya kifaa muiache imezimwa.