Larry Cohen, Mwizi wa Mitaa ya New York

Katikati ya miaka ya 1970, polisi wa New York walipopita kwenye gwaride la Mtakatifu Patrick, mmoja wao hakuwa polisi. Alikuwa Andy Kaufman, mchekeshaji ambaye wakati huo hajapata jina, kavalishwa sare na kupenyezwa katikati ya askari wa kweli huku kamera ikimfuata. Kibali hakikuwapo. Filamu yenyewe, God Told Me To, ilitoka mwaka 1976, na mwandishi, mwongozaji na mzalishaji wake alikuwa mtu mmoja, Larry Cohen. Vijana wetu wanaorekodi Kariakoo kwa simu, jicho moja kwenye kioo na jingine likimtafuta mgambo, wangemtambua mara moja kuwa ni mwenzao.

Sifa hii ya wizi wa mitaa imemfunika Cohen kiasi kwamba watu husahau alianza na kalamu. Alizaliwa New York mwaka 1936, akasomea filamu City College, na mwaka 1958 akauza tamthilia yake ya kwanza ya televisheni. Ndiye aliyebuni Branded, iliyoanza 1965, kisa cha mwanajeshi aliyesingiziwa woga, kisha The Invaders ya 1967, kisa cha mtu aliyeviona viumbe kutoka sayari nyingine vikitua duniani. Wote wawili wanasema kweli na hakuna anayewasadiki. Karibu kila alichoandika baadaye kina mtu wa namna hiyo.

Uongozaji aliuingia kwa sababu alichoka kuona wengine wakiivuruga miswada yake. Alianza na Bone mwaka 1972, akitumia nyumba yake mwenyewe kama mandhari, na nyumba hiyo ingeonekana tena katika filamu zake nyingine. Mwaka uliofuata akatoa Black Caesar, kisa cha jambazi wa Harlem kilichoigizwa na Fred Williamson na kupambwa kwa muziki wa James Brown. Humo Williamson anapigwa risasi, anapepesuka barabarani akivuja damu bandia, na wapita njia unaowaona wakishangaa hawakulipwa hata senti. Hakuna studio ambayo ingeweza kuununua mshangao ule. Filamu ilipolipa, ikaagizwa ya pili haraka, Hell Up in Harlem. Cohen aliitengeneza siku za mwisho wa juma, kwa kuwa siku nyingine alikuwa na It's Alive mkononi. Haraka hiyo inaonekana: hadithi ya Hell Up in Harlem inarukaruka kama redio yenye betri chovu.

It's Alive ni habari nyingine. Mtoto mchanga mwenye kucha anawaua waliomzalisha, kisha baba yake analazimika kuamua kama huyo ni mwanawe au la. Wazo lingeweza kuwa kichekesho. Cohen aliliandika kama msiba wa familia, akampa muziki Bernard Herrmann, mtunzi wa muziki wa Psycho, na mtoto mwenyewe, aliyetengenezwa na Rick Baker, akamficha gizani. Umaskini ulimfundisha kwamba kiumbe kisichoonekana vizuri hakigharimu sana na kinatisha zaidi. Warner Bros. waliitoa mwaka 1974 bila juhudi, ikazama. Mwaka 1977, viongozi wa studio wakiwa wamebadilika, ilirudishwa na bango la kigari cha mtoto kinachotokeza kucha, na safari hii watu wakajaa.

Kisha ikaja Q, ya 1982, ambayo ni mfano halisi wa kufa kufaana. Cohen alikuwa amefukuzwa katika filamu ya I, the Jury, naye yuko hotelini New York. Ndani ya siku chache alianza kurekodi muswada wake mwingine, wa joka lenye mabawa lililotaga yai kileleni mwa jengo la Chrysler. Picha za angani zilichukuliwa kabla hajajua joka lenyewe litatengenezwaje, na mafundi wa vikaragosi wakaachiwa kazi ya kulipachika baadaye. Juu ya jengo zilipigwa risasi baridi, maganda yakadondokea mitaani, na taharuki ikazuka. Joka, kusema kweli, limechakaa. Kinachobaki ni Michael Moriarty, mwizi mwoga anayejua kiota kilipo na kuutaka mji umlipe kwa siri hiyo.

Tangu miaka ya 1960 Cohen alikuwa na wazo jingine, alilowahi kumsimulia Alfred Hitchcock: filamu nzima ndani ya kibanda cha simu. Hawakupata sababu ya mtu kushindwa kutoka humo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 aliipata: mdunguaji anamlenga kutoka dirishani. Phone Booth, iliyoongozwa na Joel Schumacher, ilipangwa kutoka mwaka 2002, lakini ilisogezwa hadi Aprili 2003 kwa sababu wadunguaji wa kweli walikuwa wameua watu katika eneo la Washington. Kisa ni cha New York. Kibanda, hata hivyo, kilijengwa katikati ya Los Angeles, kwenye barabara iliyofungwa, na kila aliyepita pale alikuwa kwenye orodha ya malipo.