Mcheza Kwao Hutunzwa: Mali ya Umma na Wanamuziki wa Dansi Tanzania

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Neno kutunza katika methali hii lina maana mbili, na wasemaji wa Kiswahili wamezoea kuzitumia zote mbili bila kuzipambanua. Maana ya kwanza ni kumpa mchezaji zawadi hadharani, akatiwa fedha mkononi au akabandikwa kipajini wakati ngoma imepamba moto. Maana ya pili ni kulea na kuhifadhi, kukiangalia kitu kisiharibike. Zawadi huisha usiku uleule iliyotolewa, malezi hudumu. Insha hii yauliza ni kwa maana ipi kati ya hizo mbili mali ya umma ilivyowatunza wanamuziki wa dansi katika Tanzania tangu uhuru. Swali hili si la jana tu, maana serikali za leo zinaendelea kutenga fedha kwa ajili ya wasanii, na fedha isiyojua historia yake huweza kurudia njia ile ile iliyokwisha kupotea.

Kumsaidia msanii kwa mali ya mamlaka ni desturi ya kale katika pwani yetu. Utendi wa Tambuka ulitungwa na Bwana Mwengo mwaka 1728 kwa matakwa ya mtawala wa Pate. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, ndiye atajwaye katika masimulizi ya taarab kuwa alileta wapigaji kutoka Misri, kisha akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo kujifunza muziki. Lakini misaada hiyo ilikuwa ya mtu mmoja kwa mtu mmoja. Mtawala alitoa kwa hiari yake, akakatiza kwa hiari yake, na aliyepewa hakuwa na haki ya kudai. Fadhila ya jumba la kifalme haikuwa mali ya umma.

Muziki wa dansi ulizaliwa katika hali nyingine kabisa. Tangu miaka ya 1930 vijana wa miji ya Tanganyika walijikusanya katika vyama, wakalipa ada, wakanunua magitaa, ngoma na matarumbeta kwa fedha yao. Ndivyo zilivyokuwa bendi za kwanza za Dar es Salaam, Tanga na Morogoro. Chombo kilikuwa mali ya chama, na chama kilikuwa mali ya wanachama. Hata hivyo, uhuru huo ulikuwa na bei yake. Mpigaji alikuwa karani, dereva au fundi mchana, na mwanamuziki usiku wa Jumamosi. Wachache mno waliweza kuishi kwa kazi ya kupiga. Ada haikutosha kumlisha mtu, na kiingilio cha mlangoni kilipanda na kushuka kama maji ya bahari.

Uhuru ulipopatikana, jambo hili liliingia katika shughuli za dola. Mwezi wa Desemba mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere, katika hotuba yake ya kushika urais wa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Mwaka uliofuata kikundi cha ngoma cha taifa kikaundwa, na wachezaji kutoka makabila mbalimbali wakaitwa mjini kuwa watumishi wa kulipwa. Hukwe Zawose, Mgogo mpiga zeze na marimba aliyefariki dunia mwaka 2003, alikuwa mmoja wa walioitwa kutoka vijijini, na baadaye sauti yake ikasikika katika mabara mengine. Kwa mara ya kwanza mtu aliweza kuulizwa kazi yake, akajibu kwamba kazi yake ni kuimba, na jibu hilo likaandikwa katika daftari ya mishahara.

Kwa upande wa dansi, njia haikupitia wizara. Ilipitia vyama na mashirika. Mwaka 1964 vyama vya wafanyakazi viliunganishwa kwa sheria vikawa chama kimoja cha taifa, NUTA, na mwaka huo huo NUTA ikaanzisha bendi yake, NUTA Jazz. Azimio la Arusha la Februari 1967 likaongeza mno idadi ya mashirika ya umma, na mashirika yakaona fahari kuwa na bendi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Umoja wa Vijana wa chama ulikuwa na Vijana Jazz. Shirika la Bima la Taifa lilikuwa na Bima Lee. Kampuni ya mabasi ya Usafiri Dar es Salaam ilikuwa na UDA Jazz. Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa nao walikuwa na bendi zao, ambamo mpigaji alivaa sare na kuhesabiwa askari. Mlimani Park Orchestra, iliyoanza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, mwaka 1983, wakati mwenyeji wake wa kwanza alipoanguka.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Shirika lilinunua vyombo na kuvimiliki. Mwanamuziki aliajiriwa, akalipwa mshahara wa mwezi, na mara nyingine akaongezewa sehemu ya mapato ya mlangoni. Bendi ilipiga katika kumbi za mji siku kadhaa kila juma, ikafanya mazoezi mchana, ikasafiri mikoani, na ikaitwa katika sherehe za chama na serikali. Hapakuwa na sheria moja iliyouweka mpango huu, wala mfuko mmoja uliougharimia. Ulikuwa ruzuku isiyoitwa ruzuku, iliyofichwa katika hesabu za viwanda, bima na mabasi.

Yatupasa tuwe waadilifu katika kuupima. Mpango ule ulimpa mwanamuziki kitu ambacho ada ya chama haikuweza kumpa kamwe, nacho ni wakati. Mtu aliyeondolewa hofu ya chakula cha kesho aliweza kukaa na wenzake mchana kutwa wakilinganisha magitaa matatu, wakitafuta mahali pa saksafoni kuingia na mahali pa sauti kujibizana. Utunzi wa miaka ile, wenye kisa kirefu katika sehemu ya kwanza na mchezo wa vyombo katika sehemu ya pili, wahitaji mazoezi mengi na kundi lisilotawanyika. Ushindani wa JUWATA Jazz, jina jipya la NUTA Jazz, na Mlimani Park uliwagawa wapenzi wa dansi wa Dar es Salaam. Kila bendi ilijulikana kwa mtindo wenye jina la ngoma, Msondo kwa hawa na Sikinde kwa wale. Sanaa iliyotoka katika ushindani huo haikuwa sanaa ya kuazima. Iliimbwa kwa Kiswahili fasaha, ikazungumza juu ya ndoa, deni, wivu, ulevi na kifo, na mshairi wa jadi angaliitambua kuwa ndugu.

Lakini kila mkono utoao una kiganja na una vidole. Kwanza, mwenye gitaa hakuwa mpigaji. Aliyetoka katika bendi alitoka mikono mitupu, hata kama alikuwa ameitumikia miaka kumi. Tazama safari ya Muhidin Maalim Gurumo, mwimbaji mkubwa aliyezaliwa mwaka 1940 na kufariki dunia mwaka 2014. Alikuwa NUTA Jazz tangu siku zake za mwanzo. Mwaka 1978 akaenda Mlimani Park. Mwaka 1985 yeye na wenzake kadhaa, Hassan Bitchuka miongoni mwao, wakavutwa na bendi ya mfanyabiashara binafsi, Orchestra Safari Sound. Kisha akarudi katika bendi yake ya kwanza. Wako waliomwona mwanamuziki wa namna hii kuwa kigeugeu. Mimi naona vingine. Mtu asiyemiliki chombo, wala jina la bendi, wala kanda ya wimbo wake, ana mali moja tu ya kuuza, nayo ni kuhama kwake.

Pili, wimbo wenyewe ulikwenda pengine. Studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam ndiyo iliyorekodi karibu kila bendi. Nyimbo zilipitiwa kabla ya kurekodiwa, malipo yalikuwa madogo na ya mara moja, na kanda zikabaki katika hifadhi ya redio. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Waliotaka sahani walitegemea Nairobi, na mpaka wa Kenya ulifungwa tangu 1977 hata 1983. Kwa hiyo wimbo ulisikika nchi nzima kila siku, na mtunzi hakupata senti kwa kusikika huko. Sheria ya hakimiliki ilikuwapo tangu 1966, lakini sheria isiyo na mkusanyaji wa ada ni kama kisima kisicho na kamba.

Tatu, mtoaji alikuwa na sauti yake. Bendi ya chama haikuweza kukosa wimbo wa kukisifu chama, na ya kiwanda haikuweza kukosa wimbo wa kusifu kazi. Tusizidishe neno hili, maana watunzi wengi waliyaamini waliyoyaimba, na nyimbo za mapenzi zilikuwa nyingi kuliko za siasa. Hata hivyo, mwajiri na mhakiki wakiwa nyumba moja, mtunzi hujifunza kupunguza sauti yake mwenyewe kabla hajaambiwa. Uingereza ilijaribu kuikwepa hatari hii ilipounda Baraza la Sanaa mwaka 1946: fedha ya serikali ipite mikononi mwa baraza, na baraza, si waziri, liamue nani apewe. Njia hiyo nayo ina lawama zake, lakini imetenganisha mambo mawili ambayo kwetu yaliunganishwa, yaani kumlisha msanii na kumtuma.

Atakayesema kwamba soko lingefanya vema zaidi na atazame ng'ambo ya pili ya mpaka. Simba Wanyika, iliyoundwa na ndugu wa ukoo wa Kinyonga kutoka Tanga, ilihamia Nairobi mwaka 1971, ikapata kampuni za santuri na wasikilizaji wa nchi nyingi. Sahani zao zimebaki, ambapo nyimbo nyingi za wenzao wa Dar es Salaam zimebaki kwenye kanda za redio tu. Lakini soko nalo halikuwa mama mwenye huruma. Mwaka 1978 sehemu kubwa ya wapigaji walijitenga wakaunda Les Wanyika, na migawanyiko mingine ikafuata. Soko lilihifadhi wimbo, lakini halikumhakikishia mpigaji mshahara wa mwezi. Umma ulimhakikishia mshahara, lakini haukumwachia wimbo.

Kisha mti mkubwa ukaanguka na ndege wakatawanyika. Vita vya 1978 na 1979, uhaba wa fedha za kigeni, na mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 viliyadhoofisha mashirika ya umma. Katika miaka ya 1990 mengi yaliuzwa au yakafungwa. Shirika lisiloweza kununua vipuri vya mashine halikuweza kununua nyuzi za gitaa. Bendi moja baada ya nyingine ikanyamaza. Wakati huo huo redio za watu binafsi zilianza kutangaza, Radio One ikiwa hewani mwaka 1994, na vijana wakapata muziki mwingine. Bendi za Msondo na Sikinde zilidumu kwa sababu zilikuwa na kitu ambacho hakikutoka katika hesabu za shirika: wapenzi wao, waliokuwa wakilipa kiingilio na kuwatunza wapigaji wakati wa kucheza. Zawadi ya kwanza katika methali yetu ndiyo iliyobaki wakati malezi yalipokoma.

Serikali haikuliacha jambo hili kabisa. Vikundi vya sanaa vya taifa vilikuwa vimekwisha kuvunjwa, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikafunguliwa mwaka 1981; Baraza la Sanaa la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1984; Mfuko wa Utamaduni ulianza mwaka 1998 kwa msaada wa Sweden, ukitoa ruzuku kwa wasanii na vikundi; sheria mpya ya hakimiliki ya 1999 ikaleta chombo cha kukusanya mirabaha. Katika miaka ya 2020 Mfuko wa Utamaduni na Sanaa umetoa mikopo kwa wasanii kupitia benki. Msomaji na aangalie mabadiliko ya maneno: kwanza mshahara, kisha ruzuku, sasa mkopo. Mshahara ulimfanya msanii mtumishi. Mkopo wamfanya mfanyabiashara, na humfaa mwenye studio au duka la mavazi kuliko mzee mpiga zeze au kikundi cha ngoma cha kijiji, ambao hawana dhamana wala faida ya kurudisha. Ruzuku ndiyo iliyo katikati. Neno lenyewe lina shina moja na riziki, na riziki hairudishwi. Lakini nayo ikitolewa bila mpango huishia katika tamasha la siku tatu.

Kipimo ninachokipendekeza kwa wenzangu wanaochunguza historia ya sanaa ni chepesi. Tusiishie kuuliza ni fedha kiasi gani zilitolewa. Tuulize kilichobaki mikononi mwa msanii siku ile mtoaji alipoondoka. Ikiwa amebaki na chombo, na haki ya wimbo wake, na mwanafunzi aliyemfundisha, basi alitunzwa kwa maana zote mbili. Ikiwa amebaki na sifa peke yake, alitunzwa usiku mmoja, hata kama usiku huo ulichukua miaka ishirini. Kwa kipimo hicho mashirika yetu yalifuzu nusu. Yalileta muziki ambao taifa linajivunia hata leo, na yaliwaacha wengi wa waliouleta wazeeke katika vyumba vya kupanga. Kanda zao bado zimo katika hifadhi ya redio ya taifa. Kuzihesabu, kuandika juu ya kila moja jina la mtunzi na la wapigaji, na kuwapa wao au warithi wao haki yao ni kazi inayoweza kufanywa sasa, na baadhi ya wanaostahili bado wako hai.