Karatasi ya Uzigua: Mgeni na Ardhi Tangu 1884

Mwishoni mwa 1884, Mjerumani Carl Peters na wenzake wachache walivuka kutoka Unguja, wakapita Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami wakikusanya alama za watawala kwenye mikataba iliyoandikwa Kijerumani. Kazi ile ilichukua majuma machache. Februari 27, 1885 Kaiser wa Ujerumani akaitolea mikataba hiyo hati ya ulinzi, na nchi za Wazigua, pamoja na hii yetu ya Mazingara, zikahesabiwa Berlin kuwa chini ya kampuni ya Peters. Waliotia alama hawakuweza kuisoma karatasi. Nalishikilia hilo, maana ndilo jeraha lililozaa mengine yote.

Novemba 26, 1895 ikaja amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe anayeweza kuthibitisha umiliki ni mali ya dola. Mkulima aliyeacha shamba lipumzike akaonekana hana shamba. Walowezi wakapata mashamba, mengine kwa umiliki usio na ukomo. Mkonge nao ulikuwa umeshaingia: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, mashamba yakaifuata.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliyauza mashamba ya Wajerumani kama mali ya adui. Miongoni mwa wanunuzi walikuwa Wagiriki na Wahindi. Sheria ya Ardhi ya 1923 ikaiweka ardhi chini ya Gavana, mtu akipewa haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Namba hiyo bado imo kwenye hati zetu. Umiliki usio na ukomo ulioachwa na Mjerumani, hata hivyo, haukuguswa. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipotaka kuupanua, Julius Nyerere aliupinga katika kijitabu chake Mali ya Taifa. Mwaka 1963 sheria ikaugeuza kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 mashamba mengi ya mkonge yakataifishwa.

Je, leo mgeni anapataje ardhi Tanzania Bara? Kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinamkataza kupewa ardhi, isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa kisheria. Kampuni ambayo hisa zake nyingi ni za wageni nayo ni mgeni. Mamlaka ya uwekezaji ndiyo hushika ardhi, mwekezaji hupewa haki isiyo asili, yaani inayotokana na ile ya mamlaka, na muda ukiisha haki hiyo hurudi kwa mamlaka.

Ugumu uko kwenye ardhi ya kijiji. Kabla mwekezaji hajapewa, lazima ihamishwe kuwa ardhi ya jumla, yaani isiwe tena ya kijiji. Kwa hekta zisizozidi 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio hukubali au kukataa. Zaidi ya hapo Waziri huamua baada ya kupata maoni ya mkutano. Fidia nayo sharti ikubaliwe kwanza.

Wengi hudhani mwekezaji akishindwa, ardhi hurudi kijijini. Hairudi yenyewe. Kisarawe, kampuni ya Kiingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 kwa kilimo cha mibono, ikaanguka mwaka 2011. Kampuni iliuzwa, na vijiji havikurudishiwa mashamba yao, kwa kuwa ardhi ilikwisha kuwa ya jumla. Kwangu, hiyo ndiyo kasoro kubwa kuliko zote katika sheria zetu za ardhi, na Bunge lingepaswa kuirekebisha.

Basi ndugu zangu wa Mazingara, mgeni akija na ramani, msimwachie mwenyekiti peke yake. Hudhurieni mkutano mkuu, ulizeni idadi ya hekta, ulizeni fidia, na muhtasari usomwe kwa sauti, kwa Kiswahili, kabla ya mtu yeyote kutia saini.