Ukishazama, Unaitwa Nani?

Gazeti linapoandika kwamba kijana wa Moshi au wa Machakos ameteuliwa kuwa "Profesa Msaidizi" wa uhandisi wa tiba katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, msomaji wetu humwonea fahari na huruma kwa pamoja. Fahari ni ya neno la kwanza, huruma ni ya neno la pili. Anamwona amebeba mkoba wa mzee fulani, akimsahihishia mitihani na kumpangia miadi. Kumbe kijana huyo ana maabara yake, ana wanafunzi wake wa uzamivu, na fedha za utafiti zimetolewa kwa jina lake. Hamsaidii mtu. Maneno yametafsiriwa moja baada ya jingine bila kosa, na cheo kimepotea njiani.

Upotevu huo una sababu. Katika ngazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mtu huanza akiwa Mkufunzi Msaidizi, akawa Mhadhiri Msaidizi, kisha Mhadhiri, Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, na akijaliwa, Profesa. Hapo "msaidizi" ni yule ambaye bado masomo yanamdai. Wa Marekani amekwisha kusoma kitambo; anachongoja ni hukumu. Chama cha maprofesa wa huko kilikubaliana na vyuo mwaka 1940 kwamba kipindi cha kumpima mtu kisizidi miaka 7, na kikiisha ama apewe ajira ya kudumu ama afungashe virago. Ningekuwa mhariri ningeandika "profesa aliye katika matazamio". Neno matazamio halihitaji maelezo: kila mwalimu mpya wa shule ya msingi Tanzania amelikuta kwenye barua yake ya ajira.

Lakini tuitazame tena ngazi yetu. Mhadhiri ni wa ukoo wa hadhara na hadhira: mtu anayesimama mbele ya watu akasema. Mkufunzi anafunza. Hata kiti cha heshima kabisa tumekiita kigoda, kama Kigoda cha Mwalimu Nyerere kilichoanzishwa hapo Dar es Salaam mwaka 2008, akakikalia kwanza Profesa Issa Shivji. Na anayekalia kigoda huzungukwa na wasikilizaji. Yote haya ni maneno ya mdomo na masikio. Vyuo vyetu vilijengwa kwanza ili vifundishe, vikawaita watu wake kwa kazi hiyo. Hakuna hata cheo kimoja hapo kinachomjua mtu aliyeketi peke yake saa nane usiku, akishusha mrija wa kioo wenye ncha nyembamba kuliko unywele mpaka uinyonye ngozi ya seli moja ya ubongo wa panya, asikilize umeme unaopita ndani yake. Mbinu hiyo waliileta Wajerumani wawili, Erwin Neher na Bert Sakmann, mwaka 1976, wakatunukiwa Nobel mwaka 1991. Kuimudu ni suala la mikono na subira. Anayeimudu, kwa Kiswahili cha chuo, ni mhadhiri.

Lipo neno mtafiti, bila shaka, na lipo mchunguzi, ambalo iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ililibeba katika jina lake kwa miaka mingi. Mimi ni mpenzi wa mchunguzi. Ni jirani wa anayechungulia, na hadubini ni tundu la kuchungulia na si zaidi. Hata hivyo mtafiti ameshinda, na pahala anapoonekana kwa Kiswahili safi si kwenye majarida ya sayansi, ni kwenye fomu ya ridhaa. Huko Kilifi, ambako KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, na shirika la Wellcome wana kituo cha utafiti tangu mwaka 1989, wanasayansi wamechunguza malaria inayopanda kichwani na kifafa kinachoweza kubaki nyuma yake. Utafiti wa namna hiyo hauendi bila karatasi ya kumweleza mzazi, kwa lugha anayoielewa, mtoto wake atafanyiwa nini na nani. Kwenye karatasi za aina hiyo ndipo utamkuta "Mtafiti Mkuu". Ni cheo kilichozaliwa kwa sababu mama alikuwa na haki ya kumjua mwenye jambo.

Sasa uzamivu. Mzizi wake ni kuzama, na aliyelipendekeza neno hili alikuwa na sikio zuri: msomi anashuka kilindini, anakaa huko bila pumzi ya kutosha, anarudi na kitu mkononi. Wapo wanaoandika uzamifu, na ugomvi huo nauachia wanasarufi. Kinachonichekesha ni kwamba mtaani kuzamia kuna maana nyingine iliyotangulia kupendwa. Mzamiaji ni aliyejificha kwenye meli akashukia Ugiriki au Afrika Kusini bila karatasi, au aliyeingia harusini bila kadi. Kijana aliyekwenda ughaibuni kuzama katika sayansi ya ubongo na hakurudi amezama mara mbili, na lugha ilijua.

Tatizo langu hasa linaanza pale anapoibuka. Baada ya uzamivu inakuja miaka ambayo hata Kiingereza hakikuipatia jina lake. Kimeiita tu "baada ya udaktari", yaani mtu anatajwa kwa kile alichokwisha kukimaliza. Maabarani husikika posidoki. Katika fani hizi miaka hiyo si michache, kwa kuwa kazi yenyewe haikimbizwi. Kumzoesha kima kufuata nukta kwenye skrini kwa macho huchukua miezi kabla ya kipimo cha kwanza kuandikwa. Kifaa cha kupachikwa kwenye ubongo hubuniwa, hujaribiwa, hukataliwa na mwili, hubuniwa tena. Wapo wanaokaa miaka 5, kisha wakahamia maabara nyingine wakakaa tena, mshahara ukitegemea ruzuku ya mtu mwingine. Wengi wa watu hawa ndio wanaofanya majaribio yenyewe, na ndio ambao majina yao huja kwanza kwenye makala, huku jina la mwenye maabara likija mwisho. Huo nao ni utaratibu wa kustaajabisha: mkubwa anakaa mkiani, na kila mwenye fani anajua kuusoma.

Tumwiteje huyu? Nimewahi kusikia utani wa "saidia fundi", lakini fundi ni yeye. Kibarua lina ukweli wake mchungu: ni barua ndogo, ile karatasi aliyopewa mfanyakazi wa kutwa ili idadi ya siku zake ijulikane, na mtu anayeishi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja anaishi kwa karatasi vilevile. Ila hakuna atakayelitaka kwenye wasifu wake. Mwanagenzi ni neno zuri la karakana, lakini humwiti mwanagenzi mtu wa miaka 34 mwenye shahada tatu na watoto wawili. Turufu yangu ni "mtafiti mzamivu". Linasema ana nini na anafanya nini, halimpi bosi wala halimpunguzii umri. Najua posidoki litashinda midomoni, na lishinde. Barua za ajira zinastahili lililo bora.

Kuna watakaouliza kama jina linabadili chochote. Nawapa habari ya ndugu wawili wa St. Louis, Missouri. Mkubwa, Francis O. Schmitt, alizaliwa mwaka 1903 na kuwa profesa wa biolojia katika chuo cha MIT. Mdogo, Otto Schmitt, alizaliwa miaka 10 baadaye. Otto alikuwa bado mwanafunzi wa Washington University katika miaka ya 1930 alipoushika mshipa wa fahamu wa ngisi na kujiuliza unajuaje wakati wa kufyatuka na wakati wa kunyamaza. Akauiga kwa waya na valvu. Saketi yake ilifyatuka ishara ilipovuka kiwango fulani, na haikurudi mpaka ishara ishuke hadi kiwango kingine cha chini zaidi, kwa hiyo haikubabaishwa na kelele ndogondogo. Kifyatuo cha Schmitt kimo leo katika vifaa vya kielektroniki visivyo na idadi, na wengi wanaokitumia hawajui kwamba asili yake ni ngisi. Otto alimalizia maisha yake ya kazi Chuo Kikuu cha Minnesota akiwa na mguu mmoja kwenye biofizikia na mwingine kwenye uhandisi wa umeme, na ndiye aliyebuni neno biomimetiki kwa ufundi wa kuiga viumbe. Alikuwa mhandisi wa tiba kabla idara za jina hilo hazijaenea. Maisha yote alihitaji vyeo viwili ili kueleza kazi moja.

Kaka yake alifanya jambo tofauti: alitafuta neno kwanza. Mwaka 1962 alianzisha mpango wa utafiti akauita wa "sayansi za neva", kwa wingi, ili mtu wa kemia, wa fizikia, wa saikolojia na wa hesabu waweze kuketi meza moja bila mmoja kuwa mgeni wa mwingine. Mwaka 1969 kikazaliwa chama cha wanasayansi wa fani hiyo Marekani. Zikafuata idara, shahada, ruzuku, na matangazo ya kazi. Sidai kwamba neno peke yake lilileta yote hayo. Fedha zilikuwepo na hamu ilikuwepo. Ila ruzuku huombwa kwa jina. Fani isiyo na jina haina sanduku la kutumbukizia bahasha.

Napenda ule wingi wa Schmitt, na Kiswahili kinaubeba bila jasho: sayansi za neva. Wengine huandika nyurosayansi, wengine sayansi ya ubongo, na la mwisho linausahau uti wa mgongo. Neva ni mkopo wenye manufaa kwa sababu mshipa umelemewa. Ni njia ya damu, ni njia ya fahamu, na pwani ukisema fulani ana mshipa watu watakuonea haya. Ndiyo maana tunaongeza: mishipa ya damu, mishipa ya fahamu. Tusione aibu. Wayunani nao waliita neuron kano na uzi wa upinde, mpaka wapasuaji wa Aleksandria, Herofilo na Erasistrato, wakaanza kutenganisha. Na mwanafiziolojia Sherrington alipohitaji jina la mahali seli mbili za neva zinapokutana, mwaka 1897, neno sinapsi hakulipata maabarani. Lilipendekezwa na Verrall, msomi wa tamthilia za Kiyunani huko Cambridge. Hoja yangu ya kutaka watu wa fasihi wakaribishwe chai na watu wa sayansi inaishia hapo.

Uhandisi wa tiba una kisa kizito zaidi. Mhandisi ametokana na handasa, neno la Kiarabu linalotoka kwenye neno la Kiajemi lenye maana ya kipimo. Kwa asili, basi, mhandisi ni mtu wa kupima, na hakuna kazi inayompasa zaidi kuliko kupima umeme wa ubongo. Lakini jina lililoenea Tanzania ni "mhandisi wa vifaa tiba". Halina kosa, linaeleza kazi ambayo hospitali ziliihitaji haraka, kwani mashine ya eksirei iliyoharibika haingoji nadharia, na anayeifufua anaokoa maisha. Hata hivyo jina hilo limefunga mlango mmoja. Kijana anayesoma fani hii anaambiwa tangu siku ya kwanza kwamba vifaa vipo, vimetoka mahali pengine, yeye ni wa kuvitunza. Mwenzake anayeitwa "mhandisi wa tiba" anaruhusiwa na jina lake kufikiria kifaa ambacho bado hakipo. Pawe na majina mawili kwa sababu kazi ni mbili, na mshahara wa mmoja usitegemee kumdharau mwenzake.

Kwamba lugha inaweza kukimbia ikitaka, ushahidi uko hospitalini. Bingwa alikuwa wa ndondi na mbio. Akawa daktari bingwa. Serikali ya Tanzania ilipohitaji kumtaja aliyepanda juu ya bingwa, likatoka neno bobezi, na leo mabango yanatangaza kambi za madaktari bingwa na bobezi wa ubongo na mishipa ya fahamu bila mtu kuuliza maana. Nafasi zilikuwepo, foleni ya wagonjwa ilikuwepo, neno likaja lenyewe. Upande wa utafiti foleni haionekani. Chama cha wanasayansi wa neva wa Afrika kilianzishwa Nairobi mwaka 1993, katika mji unaozungumza Kiswahili barabarani kutwa kucha, na bado mwanachama wake akitaka kumweleza shangazi yake cheo chake inabidi abadili lugha katikati ya sentensi.

Ningependa kuona tangazo moja gazetini, si kubwa, chini ya zabuni za matangi ya maji: "Anatafutwa mtafiti mzamivu, sayansi za neva na uhandisi wa tiba, mkataba wa miaka mitatu unaoweza kuongezwa, atawajibika kwa profesa aliye katika matazamio." Na mshahara uandikwe hapohapo kwa tarakimu. Hilo halihitaji kamati ya istilahi.